Kiholanzi cha Barua Rasmi na Maneno Yake Madogo

Mwisho wa mwezi wa Novemba kijana mmoja wa parokia yetu, anayefanya kazi mjini Gent, alitupelekea nakala ya barua aliyoipata mwezi wa Septemba kutoka kwa mwenye nyumba wake. Alikuwa ameisoma mara tatu. Kijana huyu anajua Kiholanzi cha sokoni na cha kazini, wala si mvivu wa kusoma. Aliona neno zegt, akajua maana yake: anasema. Aliona neno huurovereenkomst, akajua pia: mapatano ya kupanga nyumba. Basi akatulia, akidhani ya kuwa mwenye nyumba anasema jambo fulani juu ya mapatano yao, pengine anamkumbusha tu. Sentensi yenyewe ni hii:

De eigenaar zegt de met u op 1 mei gesloten huurovereenkomst, met inachtneming van een termijn van zes maanden, op.

Tazameni neno la mwisho: op. Ni herufi mbili tu. Mahali pengine neno hilo lina maana ya «juu ya», lakini hapa ni kipande cha kitenzi, kilichotengwa na mwenzake tangu mwanzo wa sentensi. Zeggen ni kusema. Opzeggen ni kuvunja mapatano. Kumbe mwenye nyumba hakuwa akikumbusha kitu. Alikuwa akimwambia mpangaji wake atoke baada ya miezi sita, na miwili kati ya hiyo ilikuwa karibu kwisha.

Tangu siku ile tumesoma barua nyingine nyingi za namna hiyo: za komine, za bima, za shule, za notari. Tunataka leo kuupima uandishi huu kama vile watu wanavyopima kitabu au hotuba: una uzuri gani, una kosa gani, nasi wasomaji tunakosea wapi.

Labda msomaji atauliza: Kiholanzi kinatuhusu nini sisi wa Kongo, tuliosomeshwa Kifaransa? Kinatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Sheria kubwa ya koloni ya tarehe 18 Oktoba 1908 iliamuru ya kwamba amri za watu wote ziandikwe na kutangazwa kwa Kifaransa na kwa Kiflama, na maandiko yote mawili yawe na nguvu sawa. (Kiflama ni Kiholanzi kinachosemwa upande wa kaskazini wa Ubelgiji, katika maandishi ni lugha moja.) Wamisionari wengi waliotubatiza walikuwa watoto wa mashamba ya Flandria. Na serikali walisema Kifaransa, nasi walisema lugha zetu, na Kiholanzi wakakitunza kwa mazungumzo yao wenyewe na kwa barua za kwao. Hata kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya mawazo ya Wabantu, kilicholeta mabishano makubwa, kiliandikwa kwanza kwa Kiholanzi. Tafsiri ya Kifaransa ilitangulia kuchapishwa, Élisabethville, mwaka 1945. Chenyewe kikatoka Antwerpen mwaka 1946. Basi lugha hii ilikaa nyumbani mwetu miaka mingi kama mgeni asemaye chumbani mwake mlango ukiwa umefungwa. Leo ni sisi tulio wageni kwake. Wako ndugu zetu wanaokaa Flandria, wako na mapadri wetu wanaotumikia maparokia ya huko, nao kila juma wanapata bahasha zenye muhuri.

Tuanze na mpango wa sentensi. Wengi wetu husema, «Kiholanzi kimepinduka.» Hatukubali neno hili. Kiholanzi kina sheria yake, tena sheria ngumu kuliko yetu. Katika sentensi kuu kitenzi kinakaa mahali pa pili, wala hakiondoki. De pastoor komt morgen: padri anakuja kesho. Ukianza na neno «kesho», kitenzi kinabaki palepale pa pili, na padri ndiye anayesogea: Morgen komt de pastoor. Lakini ukianza sentensi ndogo, ile inayotegemea nyingine, kitenzi kinaondoka na kwenda mwisho kabisa: omdat de pastoor morgen komt, yaani kwa sababu padri anakuja kesho. Mtoto wa Flandria anajua hayo kabla ya kwenda shule. Hata anaposali Baba Yetu kwa maneno ya kale anasikia kitenzi zijt, yaani «uliye», kikisimama nyuma ya neno la mbinguni, nasi tunakiweka mbele yake.

Tena vitenzi vikiwa viwili, cha kwanza kinashika mahali pa pili na cha pili kinakwenda mwisho. De pastoor heeft gisteren in de kerk drie kinderen gedoopt. Heeft iko mwanzoni, gedoopt iko mwishoni. Jana, kanisa na watoto watatu wamebanwa katikati. Waholanzi wenyewe wanaita mpango huu koleo. Ni jina zuri, maana koleo lina meno mawili na chuma kinashikwa kati yake. Na koleo dogo halimsumbui mtu. Katika sentensi ile ya ubatizo msikilizaji anangoja kidogo tu, kisha anapata neno lake, tena kungoja huko kunamfanya asikilize vizuri. Sisi tunaona huo ni uzuri wa lugha.

Kosa linaanza pale mwandishi wa ofisi anapolipanua koleo mpaka mkono wa msomaji unachoka. Tazameni mfano huu, tulioutunga kwa kufuata barua tulizoziona:

Wij hebben uw aanvraag, na grondig onderzoek van alle door u bezorgde stukken en na advies van de bevoegde dienst, niet kunnen aanvaarden.

Maana yake: Hatukuweza kulikubali ombi lako, baada ya kuzichungua vema hati zote ulizozileta na baada ya shauri la idara inayohusika. Wekeni sentensi hizi mbili pamoja. Kiswahili kinasema ha- katika silabi ya kwanza. Kabla mama hajaketi kitini, anajua ya kuwa amekataliwa. Yanayofuata ni sababu tu. Katika Kiholanzi anapita ombi lake, anapita uchunguzi, anapita hati, anapita shauri la idara, na moyo wake unazidi kutumaini, kwa maana wametaja kazi nyingi waliyoifanya kwa ajili yake. Ndipo linakuja neno niet. Kwa Mholanzi aliyezoea, jambo hili si kitu. Jicho lake limekwisha kuruka mpaka mwisho wa mstari. Sisi tuliozoea kupata ndiyo au hapana mlangoni tunaingia mpaka jikoni kabla ya kuambiwa ya kwamba mwenyeji hayupo.

Kuna na mtego wa pili. Sheria ya lugha inaruhusu kuweka maneno mengi mbele ya jina. De door u op 3 mei bij onze dienst ingediende aanvraag. Ukifuata neno kwa neno utapata: lile-na wewe-tarehe 3 Mei-kwa idara yetu-lililotolewa-ombi. Sisi tungesema: ombi ulilolitoa kwetu tarehe 3 Mei. Kwetu jina linatangulia kama mzee wa ukoo, na watoto wanamfuata. Kwao, katika uandishi huu, watoto wote wanapita kwanza, na mzee anaonekana mwisho. Dawa yake ni rahisi: ukiona de au het, na neno linalofuata si jina, usisimame. Tafuta jina kwanza, ndipo urudi nyuma. Kijana wetu wa Gent angalifanya hivyo na ile de met u op 1 mei gesloten huurovereenkomst, angalijua mapema ya kuwa ni mapatano yake mwenyewe, siyo mapatano kwa jumla.

Na mtego wa tatu unafanana na swali. Ontvangen wij uw antwoord niet vóór 1 maart, dan vervalt uw recht. Kitenzi kimesimama mwanzoni, kama katika kuuliza. Lakini alama ya kuuliza haiko. Ni sharti: Tusipopata jibu lako kabla ya tarehe 1 Machi, haki yako inapotea. Neno la «kama» limeachwa, na kitenzi kimechukua mahali pake. Msomaji aliyejifunza ya kuwa kitenzi mbele ni swali atadhani wanamwuliza jambo, naye atalijibu kwa wakati wake.

Katika sentensi hiyo mmeona vóór yenye alama mbili juu. Alama zile si mapambo. Voor ina maana ya «kwa ajili ya» na vilevile ya «kabla ya». Mwandishi mwangalifu anatia alama apate kuonyesha «kabla». Basi vóór 1 maart: siku ya mwisho ni ile iliyotangulia tarehe 1 Machi. Anayetaka kuihesabu tarehe yenyewe ataandika tot en met, mpaka na pamoja na. Ubelgiji hufupishwa t.e.m., Uholanzi t/m. Neno tot peke yake linaacha mashaka, na hapo tunawalaumu waandishi wanaolitumia pasipo kueleza.

Sasa tumefika kwa vihusishi, yale maneno madogo. Hapa Mswahili wa Kongo ana mali ambayo haijui. Mwalimu wa Kifaransa alitufundisha dans na sur na à, tukadhani kila neno lina mwenzake mmoja. Lakini mama zetu husema mu nyumba na ku soko, na Kiswahili cha vitabu husema nyumbani humu, sokoni huku, mlangoni hapa. Yaani tunajua tangu utotoni kutofautisha ndani, upande fulani, na mahali panapoguswa. Mtu mwenye mu, ku na pa hana haja ya kuogopa in, naar na aan. In de kerk ni mu kanisa. Naar de markt ni ku soko, kwa mwenye kwenda. Aan de deur ni pale mlangoni. Bij de pastoor ni kwa padri, kwake nyumbani. Neno op tu ndilo lenye tabia ya peke yake: op het dak, juu ya paa, tunakubali, lakini op de markt, sokoni, na op zondag, siku ya Jumapili, lazima kuyashika kwa moyo. Kwa hiyo tunashangaa kuona watu wetu wanapita kwanza katika Kifaransa ili kufika Kiholanzi. Njia ya kutoka nyumbani kwa mama ingalikuwa fupi zaidi.

Vihusishi vya barua rasmi ni jambo jingine. Hivyo havisemwi sokoni, wala mama Mflama hamwiti mtoto wake kwa maneno hayo. Vingine ni mabaki ya sarufi ya kale: ten ni te pamoja na den, ter ni te pamoja na der, kutoka siku zile majina ya Kiholanzi yalipobadilika kwa kazi yake katika sentensi. Mabadiliko yale yamekufa katika usemi, lakini katika barua yamebaki kama mawe ya nyumba iliyobomoka: ter plaatse, palepale, ten behoeve van, kwa faida ya, ten overstaan van, mbele ya, kama mbele ya notari. Vingine vilitokea katika tafsiri. Watumishi wa Ubelgiji walikaa miaka mingi wakigeuza Kifaransa cha serikali kuwa Kiholanzi. Sheria ya mwaka 1898 tu ndiyo iliyoyapa maandiko ya sheria ya Kiholanzi nguvu sawa na ya Kifaransa, na Katiba ya nchi, ya mwaka 1831, haikupata andiko rasmi la Kiholanzi mpaka mwaka 1967. Si ajabu mkono wa mwandishi ukabaki mgumu. Mfano ni mits: katika Kiholanzi cha kawaida linaunganisha sentensi, maana yake «iwapo tu», katika barua za Ubelgiji mnalikuta mbele ya jina, mits betaling, yaani «kwa sharti la kulipa», kwa kufuata moyennant ya Kifaransa. Mwenye kulichanganya na tenzij, «isipokuwa kama», anageuza barua yote juu chini: mmoja anasema utapata ukilipa, mwingine anasema utapata usipolipa.

Lakini neno tunalotaka kukaa nalo ni ten laste van. Last ni mzigo. De kosten vallen ten laste van de aanvrager: gharama zinamwangukia mwombaji. Tumeona tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa kwa nia njema, iliyosema «gharama ni kwa mwombaji». Mama mwenye barua akangoja fedha. Hapa kosa si la Mflama, ni letu. Sisi watafsiri tunalo neno «kwa», nalo ni kama kapu lisilo na kitako. Tunatia ndani yake voor, met, wegens, krachtens, per, bij, na kila tusilolijua. Krachtens de wet ni «kwa nguvu ya sheria». Wegens ziekte ni «kwa sababu ya ugonjwa». Ten gunste van ni «kwa faida ya». Tukiandika «kwa» tupu katika yote, tumeondoa lile lile ambalo kihusishi kililetwa kusema: ni nani anayelipa na ni nani anayelipwa. Kiswahili hakikosi njia. Kina andikia, lipia, lipwa, dai, daiwa. Kitenzi chetu kinaweza kubeba tumboni mwake kazi ya kihusishi chao. «Mwombaji atazilipa gharama.» Maneno matatu, wala hakuna wa kungoja fedha.

Neno hilohilo linakaa katika karatasi za kodi ya Ubelgiji: kinderen ten laste. Maana yake ni watoto unaowalisha na kuwatunza, na mwenye kuwaandika anapunguziwa kodi. Tumesikia habari ya baba mmoja mwenye watoto wanne aliyeandika sifuri. Alitafuta neno last katika kamusi, akaona «mzigo», akaona haya kuwaita watoto wake mzigo mbele ya serikali. Sisi hatumcheki. Alisoma neno vizuri. Karatasi ndiyo iliyomwuliza swali kwa namna ambayo baba wa kwetu hawezi kulijibu ndiyo.

Je, tunasema kila lugha ya kale ifutwe? Hapana. Mwaka 2016, Jumapili ya kwanza ya Majilio, maaskofu wa Flandria na wa Uholanzi waliwapa Wakatoliki wao sala moja ya Baba Yetu, kwa kuwa mpaka hapo walikuwa nazo mbili zisizolingana. Katika ombi la mwisho bekoring, kishawishi, likaacha nafasi kwa beproeving, jaribu. Wazee wengine walinung'unika, maana neno la kale lilikuwa limekaa midomoni mwao tangu komunyo ya kwanza. Lakini kihusishi in hakikuguswa, wala zijt ile ya kale, ambayo katika Uholanzi hakuna anayeitumia tena barabarani. Tunaona walifanya vema. Sala hairudishwi na jibu katika siku thelathini. Inashikwa kwa moyo, na yule anayeishika anajua mwisho wake kabla ya kuanza, hata koleo likiwa pana. Barua ya mwenye nyumba inasomwa mara ya kwanza na mtu aliyesimama mlangoni na mfuko wa ngano mkononi.

Tena tusifikiri ya kuwa uandishi mgumu ni amri ya sheria. Barua ile ya Septemba ingaliweza kuandikwa hivi: Uw huurcontract eindigt op 31 maart. Mapatano yako ya nyumba yanakwisha tarehe 31 Machi. Kitenzi kiko mahali pake pa pili, hakuna koleo, wala hakuna mzee aliyefichwa nyuma ya watoto. Humo limo neno op vilevile, ila safari hii linashika tarehe tu. 

Kijana wetu amepata nyumba nyingine, karibu na stesheni ya gari la moshi. Mapatano mapya yana kurasa saba. Ametuomba tuyasome pamoja naye kabla hajatia sahihi, nasi tumefika ukurasa wa tatu, kwenye neno behoudens.